Miguu ya Kuku Inatuelekea

Alfajiri, kabla foleni za magari hazijaanza, matenga ya kuku weupe hushushwa sokoni Kisutu, jijini Dar es Salaam. Hadi adhuhuri wengi wao wameshachinjwa, wametiwa maji ya moto, wamenyonyolewa na kupangwa, vidari upande huu, firigisi na miguu upande ule, na jioni wanakaangwa vibandani kando ya chipsi. Mlaji huliona paja tu. Kati ya yai na paja hilo yamepita maisha ya wiki tano au sita, na karibu yote yaliyotendeka katika wiki hizo hayaonekani tena sahanini. Hoja ya makala haya ni kwamba bei tunayomlipia kuku huyu haitoshi gharama yake, kwamba iliyobaki hulipwa na watu na viumbe wasioketi nasi mezani, na kwamba habari zake zimekwisha kuwa wazi kiasi ambacho kusema hatukujua hakutuokoi. Wahenga walisema mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea. Kuku wa leo tunamnunua kwa fedha zetu halali, na miguu bado inatuelekea.

Tuanze kwa kuondoa uvumi, maana uvumi nao huficha. Watu wengi wakimwona kuku wa wiki tano amejaa kidari husema amedungwa homoni. Si kweli, wala homoni hazihitajiki: ukubwa ule umo katika damu yake tangu yai. Mwaka 1923 mama mmoja wa jimbo la Delaware, Marekani, Cecile Steele, aliyekuwa na kuku wachache wa mayai, aliagiza vifaranga 50 akaletewa 500 kwa makosa. Akawalea, akawauza kwa nyama, na faida ikampendeza hata mwaka 1926 akawa na banda la kuku 10,000. Mwaka 1948 ikafanyika fainali ya shindano la nchi nzima la kumtafuta Kuku wa Kesho, lililodhaminiwa na kampuni ya maduka ya A&P, na sifa iliyotafutwa ilikuwa nyama nyingi kwa muda mfupi. Tangu hapo kazi ya kuchagua wazazi haijasimama, na leo mbegu za dunia nzima zimo mikononi mwa kampuni chache sana. Cobb na Ross ni majina ambayo mfugaji wa Kibaha au wa Kiambu huyataja kama anavyotaja mbegu za mahindi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliwafuga pamoja kuku wa mbegu ya mwaka 1957, ya 1978 na ya 2005, wakawapa chakula kilekile, na matokeo wakayatangaza mwaka 2014. Siku ya 56 kuku wa 1957 alikuwa na gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202.

Mwili uliokimbizwa hivyo huiacha nyuma mifupa inayoubeba na moyo unaoulisha. Ukiingia bandani wiki ya tano utawakuta wengine wanachechemea, wengine wamelala juu ya maranda yaliyolowa kinyesi mpaka ngozi ya kifua na ya nyayo ikaungua. Wako wanaoanguka ghafla, wakapiga mbawa mara mbili tatu na kufa. Wafugaji wanaujua mzoga wa namna hiyo, mgongo chini na miguu juu, wa kuku aliyekuwa mkubwa na mwenye afya saa moja kabla. Na wazazi waliotaga yale mayai wana mateso ya kinyume. Wakiachwa washibe watanenepa hata wasiweze kuzaa vizuri, kwa hiyo hupimiwa chakula, na kiumbe aliyeumbiwa hamu ya kula kupita kuku yeyote aliyewahi kuwapo hushinda na njaa wakati wote wa kukua kwake. Katika ukoo wa kuku wa mayai mambo ni mengine tena: kifaranga dume hatagi wala hanenepi, kwa hiyo kwenye mashine za kutotolesha huuawa siku ileile anayoanguliwa, na duniani hesabu yao hufika mabilioni kila mwaka. Ujerumani imelipiga marufuku jambo hilo tangu Januari 2022.

Atasema mtu: kuku ni kuku, aliumbwa aliwe, na wa kienyeji naye huishia chunguni. Naam, huishia chunguni, na simlaumu anayekula nyama. Lakini kufa ni jambo la dakika moja, na ninayoyazungumza hapa ni maisha. Kuku wa uani huchakura, huoga vumbi, hukimbia kivuli cha mwewe, hulala juu ya mti. Amekuwa kuku kabla ya kuwa kitoweo. Dini zetu hazikuruhusu nyama bila masharti. Mafundisho ya Kiislamu humtaka mchinjaji anoe kisu chake vizuri asimtese mnyama, na Biblia katika Mithali humpima mwenye haki hata kwa namna anavyouangalia uhai wa mnyama wake. Ni ajabu kwamba tumekuwa wakali sana kuhusu dakika ya kisu, tukauliza kachinja nani na kaelekea wapi, huku siku 35 za kabla yake hatuziulizi hata mara moja. Mwaka 2017 huko Namanga vifaranga 6,400 walioingizwa Tanzania kutoka Kenya bila kibali walichomwa moto kwa amri ya serikali, kwa hofu ya mafua ya ndege, na watu wengi wa pande zote mbili za mpaka walishtuka. Hofu ya ugonjwa ilikuwa na msingi wake. Mshtuko nao ulikuwa wa haki, kwa sababu kwa siku chache watu waliona kwamba kilichomo katika lile boksi la vifaranga ni uhai.

Sasa tuje kwa binadamu, maana yuko msomaji ambaye huruma yake haifiki kwa kuku, naye ana la kusikia. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wataalamu wa kampuni ya Lederle huko Marekani waligundua kwamba kuku akitiliwa antibiotiki kidogo kidogo katika chakula hukua upesi hata kama haumwi. Wakati huo onyo lilikwisha kutolewa: Alexander Fleming, aliyeivumbua penisilini, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alisema kwamba dawa isiyotosha kuviua vijidudu huvizoesha kustahimili. Biashara haikungoja. Dawa ikaingia katika mifuko ya chakula, na ilipofika Afrika Mashariki ikaingia zaidi katika ndoo za maji, maana kwetu huuzwa kwenye duka la dawa za mifugo kama inavyouzwa pumba. Chukua mfano wa enrofloksasini, ambayo mfugaji hununua kwa chupa ndogo kuku wakianza kuhara au kukoroma. Mwili huibadili sehemu yake kuwa siprofloksasini, dawa ileile anayoandikiwa mtu mwenye homa ya matumbo au maambukizi ya njia ya mkojo. Kijidudu kilichojifunza kuishinda bandani kimejifunza kuishinda na wodini. Marekani iliiondoa kwa kuku mwaka 2005 kwa sababu hiyo. Mwaka 2015 wachunguzi nchini China walitangaza kwamba wameipata katika nguruwe, katika nyama na kwa wagonjwa chembe ya urithi inayoishinda kolistini, dawa ambayo madaktari huiweka akiba kwa mgonjwa ambaye nyingine zote zimeshindwa, na ambayo mifugo ilikuwa ikilishwa ili inenepe. Hesabu iliyotolewa mwaka 2022 katika jarida la Lancet ilionyesha kwamba usugu wa bakteria dhidi ya dawa uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na mzigo mzito zaidi ulikuwa Afrika kusini mwa Sahara. Si vifo vyote hivyo vilivyotoka bandani. Vingi vimetokana na jinsi sisi wenyewe tunavyomeza dawa ovyo. Lakini banda lina sehemu yake.

Je, mfugaji ndiye mwovu? Hapana, na hapa ningependa tukae kidogo. Kila dawa ya kuku ina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa, yaani siku ambazo nyama haifai kuliwa mpaka dawa itoke mwilini. Tuseme ni siku tano. Kuku wa umri wa kuuzwa hula karibu gramu 180 kwa siku. Kuku 500 kwa siku tano watakula kilo 450, ambazo ni mifuko tisa ya kilo 50. Sehemu nyingi mnunuzi hununua kwa idadi wala hapimi kilo, kwa hiyo mifuko hiyo tisa hairudi. Vifaranga alivinunua kwa bei aliyopangiwa, chakula kadhalika, na bei ya kuuzia hupangwa na dalali anayejua vizuri kwamba kila siku inayopita kuku anakula faida. Siku ya 33 kuku wakianza kufa, mtu huyu ana njia mbili. Akiwatibu na kusubiri, anapata hasara na sokoni hakuna atakayemtambua kwa uaminifu wake, kwa sababu nyama yake na ya jirani asiyesubiri zinafanana. Akiwatibu leo na kuwauza kesho, anarudisha mtaji na kulipa ada ya shule. Tumejenga soko ambalo ndani yake mwaminifu hulipa faini, kisha tunashangaa waaminifu wakipungua.

Pingamizi kubwa kuliko zote, na lenye uzito wa kweli, ni la umaskini. Husemwa kwamba kuku huyu ndiye aliyeifikisha nyama kwa mtoto wa Mbagala na wa Kibera, kwamba zamani kuku alikuwa wa sikukuu na wa mgeni, na kwamba anayemsema vibaya ni mtu mwenye uwezo wa kununua wa kienyeji. Sehemu ya maneno hayo siwezi kuipinga: mtoto anahitaji protini, na nyama ya bei nafuu ni neema. Lakini angalia ni nani anayelipa pale dawa ya kwanza inaposhindwa. Mwenye bima atabadilishiwa dawa, atachomwa sindano za bei kubwa siku saba, atapona. Mtoto yuleyule wa Mbagala, ambaye kwa jina lake tunatetea bei, ndiye ambaye mama yake ataambiwa dawa hiyo haipo hapa, kanunue nje. Unafuu aliopewa katika paja la kuku unadaiwa tena kwake, siku ambayo hana cha kulipa.

Wala si kweli kwamba tukiacha dawa za ovyo nyama itapotea. Sweden ilikataza antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986, na waliosukuma jambo hilo walikuwa wafugaji wenyewe. Wafugaji wa kuku wa Denmark waliacha mwaka 1998. Shirika la Afya Duniani lilipowachunguza miaka michache baadaye, liliona kwamba chakula kidogo kilichoongezeka kingeweza kufidiwa na fedha ambazo hawakuzitumia tena kununulia dawa. Umoja wa Ulaya wote ukafuata tarehe 1 Januari 2006. Najua kwamba Denmark ina baridi, ina madaktari wa mifugo wengi na mabanda yenye vipimo, na mfugaji wa Mkuranga ana bati, chandarua na ndoo. Hata hivyo mambo yenyewe yanayoondoa haja ya dawa ni ya kawaida: chanjo ya kideri na ya gumboro kwa wakati wake, maranda makavu, hewa, maji safi, na kutojaza kuku 500 mahali pa 300. La mwisho ndilo gumu, kwa sababu lina bei, na bei hiyo lazima itufikie sisi walaji.

Serikali ina kazi yake. Ng'ombe hupita machinjioni, akakaguliwa na kupigwa muhuri. Kuku wengi wa mijini huchinjwa nyuma ya kibanda bila mkaguzi wala maji ya kutosha, na dawa za kundi linalohifadhiwa kwa binadamu hazipaswi kununuliwa bila cheti cha daktari wa mifugo. Tuwadai madiwani machinjio ya kuku kama tunavyodai barabara. Lakini asiwepo wa kujificha nyuma ya serikali, kwa kuwa soko hili linaendeshwa kila siku na fedha zetu, na wapo miongoni mwetu wanunuzi wakubwa wenye sauti: shule, hoteli, hospitali, wapishi wa sherehe. Mabanda mengi yana daftari tayari, ambamo mfugaji huandika idadi ya waliokufa na mifuko iliyofunguliwa. Inatakiwa safu moja zaidi, ya dawa na tarehe yake, na mnunuzi wa kuiuliza. Chukua kamati ya harusi inayoagiza kuku 100. Ikimwambia mfugaji wiki mbili kabla kwamba itaitazama safu hiyo, na kwamba dawa ikilazimika itamlipia chakula cha siku tano za kusubiri, gharama yake ni kilo 90, yaani mifuko isiyofika miwili, katika bajeti yenye ukumbi, mapambo na mpiga picha. Kamati na ikubaliane hivyo katika kikao chake cha kwanza, na siku ya kuchukua mzigo mwenyekiti afungue daftari kabla hajaanza kuhesabu kuku.