Kamari ya Muleba haina mlango

UKIINGIA kasino yenye leseni jijini Dar es Salaam, kitu cha kwanza kukutana nacho ni mlango. Pale mlangoni kuna jamaa kavaa suti, anakutazama usoni, na ukionekana bwana mdogo anataka kitambulisho kabla hujapiga hatua nyingine. Ndani kuna meza za poka na ruleti, kamera zinaangalia kila karata inayogawiwa, keshia yuko nyuma ya kioo. Ukishinda unalipwa, ukidhulumiwa unajua wa kumdai. Ukizisoma kanuni za michezo ya kubahatisha unaona kabisa kuwa picha iliyokuwa kichwani mwa waliozitunga ni hiyo.

Sasa panda gari stendi ya Bukoba, shuka Muleba mjini, kisha chukua bodaboda ikupeleke Nshamba. Kamari utaikuta, ila mlango hutauona. Mashine ya dubwi ipo barazani, pembeni ya gunia la unga, inawaka taa nyekundu na kijani mchana kweupe. Inameza sarafu ya shilingi 200. Mchezaji anaweza kuwa mzee aliyetoka kuuza mkungu wa ndizi, na anaweza kuwa mtoto wa darasa la sita aliyetumwa chumvi. Mashine haiulizi, na mwenye duka naye ana wateja wa kuhudumia.

Hapo ndipo tunapotaka kukaa leo, kwa sababu kila mara mjadala wa sheria za kamari ukiibuka nchini, unahusu mambo mawili tu: kodi na makampuni. Vijana wa Kashai, Hamugembe na visiwa vya Bumbire hawamo.

Tukumbushane kwanza. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ni ya mwaka 2003. Ndiyo iliyozifuta sheria za zamani, ile ya mwaka 1967 na ile ya bahati nasibu ya taifa ya mwaka 1974, na ndiyo iliyoiunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Bodi hiyo iko chini ya Wizara ya Fedha. Shikilia hilo, maana linaeleza mengi. Chombo kilicho chini ya Wizara ya Fedha hupimwa kwa makusanyo. Kikikusanya vizuri kinapongezwa bungeni, na hakuna mbunge atakayesimama kuuliza ni watoto wangapi wa Muleba wamezuiwa kucheza mwaka huu.

Ndiyo maana mabadiliko tunayoyaona karibu kila Juni ni ya viwango. Bajeti ya mwaka 2021, kwa mfano, ilishusha kodi ya ushindi wa kubashiri michezo kutoka asilimia 20 hadi 15. Kwa lugha ya vijiweni, mkeka ukikuletea laki moja, Serikali iliyokuwa inachukua elfu ishirini ikaanza kuchukua elfu kumi na tano. Bajeti zilizofuata nazo zimeendelea kuvigusa viwango, juu na chini. Wabetiji wanafuatilia hizo asilimia kuliko wanavyofuatilia bei ya kahawa, na siyo utani.

Lakini kodi ya ushindi inamgusa nani? Inamgusa aliyeshinda kwenye kampuni inayojulikana. Yule ambaye mkeka wake umechanika kwa timu moja dakika ya 90 haimhusu. Mtoto wa dubwi haimhusu kabisa. Tukipandisha kodi tunawabana waliokuwa ndani ya mlango tayari, na wa barazani wanaendelea na shughuli zao kama kawaida.

Umri wa kucheza kwetu ni kuanzia miaka 18. Kutoka Bukoba hadi mpaka wa Mutukula ni kama kilomita 80 za lami. Ukivuka tu, sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inasema mchezaji lazima awe na miaka 25. Yaani kijana wa miaka 20 upande huu ni mteja halali, na akivuka kwenda kumsalimia shangazi yake upande wa pili anakuwa mtoto. Mwaka 2019 Serikali ya Rais Museveni ilikwenda mbali zaidi, ikatangaza kutotoa leseni mpya kwa kampuni za kubashiri michezo. Mtu anaweza kusema Waganda wamezidisha. Ila angalau walijiuliza mteja huyu ni nani, anafanya kazi gani, pesa anaitoa wapi.

Pesa inatoka wapi? Kwa Kagera jibu ni pana kidogo.

Kuna wavuvi wa dagaa kule visiwani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali kazi inasimama. Siku hizo kijana yupo nchi kavu, mfukoni ana malipo ya giza lililopita, hana mke pale, hana shamba pale. Kisiwani burudani ni bia, banda la video na mashine. Akirudi ziwani anarudi mtupu, anaanza kwa kukopa kwa tajiri wa mtumbwi. Kuna na vijana wa bodaboda, ambao wengi pikipiki siyo zao. Jioni lazima wapeleke hesabu kwa mwenye chombo. Hesabu ikipungua buku tatu, mawazo yanakuja kwamba mkeka wa jero wenye mechi kumi na mbili utaziba pengo. Mwandishi wa safu hii amekaa vijiwe vya kutosha kusikia mahesabu hayo yakipigwa kwa uhakika kama vile Arsenal wameshatoa ahadi kwa maandishi.

Halafu kuna kahawa. Msomaji wa Kagera anaijua butura vizuri. Ni ile ya kumuuzia mlanguzi kahawa ikiwa bado maua mtini kwa bei ya kutupa, kwa sababu una shida ya pesa leo. Serikali imeipiga marufuku miaka na miaka, vyama vya ushirika vimeipigia kelele, wakuu wa mkoa wamekuja na kuondoka wakiikemea. Zamani shida iliyompeleka mtu kwenye butura ilikuwa ada, ugonjwa au msiba. Siku hizi uliza vijijini utaambiwa na nyingine: deni la kubeti. Kijana anauza maua ya mibuni ya baba yake, mzee anakuja kushtuka msimu umefunguliwa na mlanguzi kaja na ngazi na magunia. Waitu, hapo hatuzungumzii tena burudani ya wikiendi.

Sasa tuseme zifungwe? Hapana, na tunajua kuna viongozi wa dini na wazazi watakaotushangaa. Kabla ya dubwi na kabla ya simu, karata za pesa zilichezwa migombani, mmoja kawekwa njiani kuangalia kama mgambo anakuja. Marufuku haikuzimaliza, ilizisogeza tu ndani zaidi ya shamba, mahali ambapo ukidhulumiwa unamalizana kwa panga. Na misako ya mashine tumeiona wilaya nyingi nchini: askari wanakuja, mashine zinapakiwa kwenye gari, mwenye duka anapigwa faini. Mwenye mashine mwenyewe, aliyezisambaza ishirini au thelathini, yupo mjini anakunywa soda. Mwezi ukiisha anapeleka nyingine kwa duka la jirani. Sheria imemkamata aliyeazima baraza.

Tena hata mchezaji mtu mzima anahitaji mlango. Aliyecheza kwenye kampuni yenye leseni, asipolipwa ana pa kwenda. Bodi ipo na inapokea malalamiko. Aliyecheza kwenye mashine isiyo na karatasi yoyote, ikikwama na sarafu zake tumboni atamshtaki nani? Ataipiga mateke, ndiyo rufaa yake. Leseni inamlinda huyo mchezaji pia, na ndiyo maana wanaosema sheria kali ni adui wa wachezaji tunawauliza wanawazungumzia wachezaji gani, wa meza ya poka au wa baraza la duka.

Tunachokitaka ni kidogo na kinawezekana. Mashine isiwekwe mahali popote bila mwenyekiti wa mtaa au serikali ya kijiji kujua na kuridhia kwa muhtasari wa kikao. Leo hii mtendaji wa kijiji anaamka asubuhi anaikuta mashine imeshafika, hajui imetoka wapi na hajui kama ana mamlaka ya kuigusa. Iwekwe ndani ya chumba chenye mlango, kiingiwe na watu wazima tu, na leseni ibandikwe ukutani ikiwa na jina la mmiliki na namba ya simu ya Bodi. Ikikutwa na mtoto, apigwe faini mmiliki aliyeandikwa pale, siyo mama muuza nyanya aliyelipwa elfu chache kwa kuwasha umeme.

Upande wa mikeka ni mgumu zaidi, kwa sababu kibanda chenyewe siku hizi ni simu. Mtoto anatumia laini ya kaka yake, mchezo umekwisha. Hapa makampuni yasijifanye hayaoni. Yana rekodi ya kila shilingi na saa iliyoingia. Laini inayobeti saa nne asubuhi Jumatatu hadi Ijumaa kwa mia mbili mia mbili, hilo si fumbo la kumshinda mtaalamu wao wa kompyuta.

Tunajua pia kwamba soka letu limekaa kwenye meza hiyo hiyo. Agosti 2022 Simba ilisaini na M-Bet mkataba wa miaka mitano wa Sh26.1 bilioni, na mwaka huo huo Yanga ikaongeza na SportPesa miaka mitatu kwa zaidi ya Sh12 bilioni. Magazeti ya michezo nayo yanauza nafasi kwa kampuni hizo hizo, na Januari 2019 Bodi iliposimamisha matangazo ya kamari kabla ya kuyarudisha kwa masharti, vyumba vingi vya habari vilihisi njaa. Kenya walipobanana na SportPesa mwaka 2019 hadi ikasimamisha shughuli zake, Gor Mahia na AFC Leopards walibaki bila mdhamini mkuu. Kwa hiyo anayedai tukate tu mkono huo leo, aseme kesho timu zinasafiri kwa nini.

Ila kama pesa inatoka Nshamba, irudi hata kidogo Nshamba. Mwaka ule ule wa 2021 ilielekezwa kwamba sehemu ya kodi ya kubashiri michezo iende kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Ni uamuzi mzuri, na tumeona timu za taifa zikisaidika. Lakini mchezaji wa timu ya taifa anaanzia wapi kama siyo kwenye uwanja wa kijiji? Kagera Sugar ilishuka daraja mwisho wa msimu wa 2024/25, na Kaitaba, uwanja uliozoea kujaa Simba na Yanga zikija, ukabaki kusubiri mechi za Championship. Pale Bukoba utamkuta dogo anayekutajia kikosi cha timu ya daraja la pili Uingereza, kwa sababu ipo kwenye mkeka wake, na hamjui kipa wa Kagera Sugar.

Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na muswada wa fedha ndiyo mahali sheria hizi zinapoguswa. Wabunge wa Bukoba Mjini, Bukoba Vijijini, Muleba Kaskazini na Muleba Kusini wana nafasi ya kusimama. Asilimia waziri atazisoma mwenyewe, hazihitaji msaada wao. Wao waulize mashine ngapi zina leseni katika wilaya zao na zipo kwa nani, na waulize katika fedha za ule mfuko, ni magoli mangapi ya chuma yamesimikwa Muleba tangu ulipoanza kupokea pesa za mikeka.