Legeza, Tafadhali

Mwaka jana niliketi katika kliniki moja hapa Nairobi, kilemba nimekishika mkononi, nikionyeshwa picha za watu waliokuwa na upara na sasa wana nywele. Tiba: seli shina. Bei: shilingi 85,000, mara tatu za kudungwa. "Ni sayansi mpya, siz, huko majuu kila mtu anafanya," mhudumu akaniambia. Nusura nilipe. Zamu yangu ya chama ilikuwa imefika na pesa zilikuwa kwa simu.

Kilichoniokoa ni swali moja: hizo seli mnazitoa wapi? Akasema watachukua damu mkononi, waizungushe kwa mashine, kisha wanidunge kichwani. Basi hiyo si seli shina! Hiyo ni plazma yenye chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Kuna watu inaowasaidia kiasi, hasa wenye upara wa kurithi. Lakini kama unauza mandazi, usiniambie ni keki ya harusi.

Sina ugomvi na sayansi. Seli shina za nywele zipo kweli, na hukaa kwenye nundu ndogo ubavuni mwa kifuko kinachootesha unywele. Mwaka 2011 watafiti Marekani walichunguza vichwa vya wanaume wenye upara wa kurithi wakakuta seli hizo bado zipo. Zilizopungua ni zile zinazozaliwa nazo ili kuotesha nywele. Mwaka 2020 wengine walikuza ngozi yenye nywele kutokana na seli shina za binadamu, wakaipandikiza kwa panya, ikashika. Ni maajabu. Lakini kutoka mgongoni mwa panya hadi kichwani mwangu bado ni mbali, na mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha hata tiba moja ya seli shina kwa upara. Sasa hii ya hapa mtaani imetoka wapi?

Hata hivyo, uongo wa kliniki sio unaoniuma zaidi. Kinachoniuma ni kilichonifikisha pale. Upara wangu sikuurithi. Ni wa kuvutwa. Tangu darasa la nne nimesukwa matuta na rasta hadi macho yanapinda. Nikilia naambiwa vumilia, urembo ni kazi. Usiku nameza dawa ya kichwa. Vipele vikitokea kwa paji, tunapaka mafuta, na mwezi ukiisha tunasuka tena. Nywele za mbele ziliporudi nyuma, nikaficha kwa wigi, na gundi juu yake.

Na siko peke yangu. Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake huko Afrika Kusini walipochunguza wanawake, karibu 1 kati ya 3 alikuwa na upara huu wa kuvutwa. Mwanzoni, ukiacha kuvuta, nywele hurudi. Ukiendelea kwa miaka, kifuko hugeuka kovu, na penye kovu hakuna seli ya kuamshwa. Yaani kile tunachouziwa kliniki tulizaliwa nacho, tukakimaliza wenyewe kwa kiti cha saluni, tena kwa kulipia.

Kwa hivyo nina maneno kwa kila mtu. Nyinyi wa kliniki, iteni kitu kwa jina lake na muache kufanya aibu yetu mtaji. Wasusi, mteja akisema anaumia, anaumia. Akina mama, mtoto akilia chini ya kitana si deko. Na sisi tunaosifiana "umependeza" huku ngozi imevutika kama ngoma, tuache.

Mwishowe nilimwona daktari wa ngozi. Hakuwa na picha ukutani. Aliniambia pembeni huenda zikarudi, lakini pale mbele kabisa nisitarajie. Nililia ndani ya matatu hadi nyumbani, lakini angalau niliambiwa ukweli.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mpwa wangu wa miaka saba kusukwa. Msusi alipovuta, mtoto akakunja uso, kimya. Nikasema, legeza, tafadhali.

"Anti, nikilegeza zitafumuka upesi."

Wacha zifumuke.