Suruali ya Bitana si Anasa

Unapomnunulia mzazi nguo za baridi, usikimbilie sweta pekee. Miguu nayo yataka joto.

Huko Mogogosiek, kaunti ya Bomet, asubuhi za Juni hadi Agosti huwa na baridi kali. Mchuma chai huingia shambani majani yakiwa bado na umande, na suruali hulowa hadi mapajani. Wengi walio mjini huwapelekea wazazi jinzi. Kwa maoni yangu, hiyo si zawadi ya kufaa. Pamba hunyonya maji na huchelewa kukauka, na maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 kuliko hewa.

Tafuta suruali ya kitambaa kizito yenye bitana ya sufu au ya polista yenye manyoya laini. Isibane, kwa maana hewa iliyonaswa ndani ndiyo huhifadhi joto. Ukinunua mitumba, igeuze uone kama bitana yafika chini au yakomea magotini. Ifue kabla ya kuvaliwa. Kisha ongeza aproni ya plastiki na buti za mpira, kwani bitana iliyolowa haihifadhi joto vizuri.

Ni kweli kwamba nimonia huletwa na viini, si baridi yenyewe. Lakini mzee ambaye joto la mwili wake limeshuka chini ya digrii 35 yumo hatarini, na apelekwe hospitalini mara moja.

Heri suruali moja ya bitana kuliko jinzi tatu.