Macho Mekundu Si Ushahidi

Mimi ni muuguzi mstaafu wa macho, Msukuma wa Maswa, na siendi kanisani wala msikitini. Natambika. Masamva, wahenga wa ukoo wetu, wana kibanda chao uani kwangu, na Liwelelo, Muumba, namwomba bila kitabu. Majirani huniita mpagani, nami naitika. Nalisema hili mapema kwa sababu kila kikongwe anapokatwa mapanga huku Kanda ya Ziwa, wasomi wa mjini huandika kwamba chanzo ni imani za jadi, kisha wanafunga mjadala. Basi mwenye imani hizo naye asikilizwe.

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilihesabu watu 765 waliouawa nchini kwa tuhuma za uchawi mwaka 2013. Kati yao 505 walikuwa wanawake. Na alama ambayo watu huku kwetu huitaja kwanza ni macho mekundu. Macho hayo nimeyafunua kwa vidole vyangu miaka yote ya kazi. Nimeona kope zilizogeukia ndani kwa sababu ya vikope, zikakwaruza mboni kila mama anapopepesa. Ugonjwa huo huwapata zaidi wanawake kwa kuwa ndio wanaowabeba na kuwafuta nyuso watoto wenye maambukizi. Nimeona pia wasio na ugonjwa wowote ila moshi tu: mwanamke aliyeanza kuchochea mafiga akiwa binti mdogo, katika jiko lisilo na dirisha, mpaka amekuwa bibi.

Moshi wa nini? Wa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, wa mabua, wa miti ya pamba. Hapa ndipo siasa inapoanza. Wakati wa ukoloni, misitu ya Usukuma ilifyekwa kwa amri ili mbung'o wakose pa kuishi. Pamba nayo ikadai mashamba. Miaka ya 1970 watu wakakusanywa vijijini, na kuni za jirani zikaisha upesi. Serikali ilipoanzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, mwaka 1986 ili watu warudishe ngitili zao, maeneo ya malisho na miti wanayoyahifadhi, sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa imebaki vumbi. Kwetu sisi tunaotambika, mti hauko mbali na mwili wa mwanamke: ardhi ikivuliwa miti, yeye ndiye wa kwanza kuumia. Watu wa ofisini waliamua, na bibi yangu akalipa kwa macho yake.

Halafu kuna shamba. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 linamnyima mjane urithi wa mali ya mumewe. Anatazamiwa kutunzwa na watoto. Wajane wawili walilipeleka suala hili Mahakama Kuu, na mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba sheria hiyo inabagua, lakini ikakataa kuifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliitaka Tanzania iirekebishe. Mjane aking'ang'ania shamba, njia ya mkato ya kumwondoa inajulikana: mtoto wa jirani anakufa kwa malaria, mpiga ramli chonganishi analipwa, jina linatajwa.

Siitakasi imani yangu. Hofu ya uchawi imo ndani yake, na wazee wetu wengi hunyamaza wakati ramli inapigwa. Kunyamaza huko ni kushiriki, nami nawaambia hivyo usoni. Lakini anayeuza jina la mtu kwa pesa hana baraka ya masamva wa yeyote, na Sheria ya Tiba Asili ya 2002 inatosha kumfikisha kwa hakimu endapo polisi watataka.

Wapo wapagani wengine wasiotenganisha tambiko na siasa. Kule San Francisco yupo mwandishi Starhawk, ambaye hujiita mchawi hadharani na humwabudu Mungu wa kike. Kitabu chake, The Spiral Dance, kilitoka mwaka 1979, na mwaka 1981 alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuziba njia ya kinu cha nyuklia cha Diablo Canyon na kukamatwa. Jina la mchawi siwezi kulivaa, huku linaua. Ila kwamba mwanamke anaweza kutoka kwenye tambiko akaenda moja kwa moja kuisumbua serikali, hilo nalikubali kabisa, na Wasukuma hatukuhitaji kufundishwa na Wamarekani.

Turudi kwenye moshi. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania. Mitungi ya gesi inagawiwa mikutanoni, picha zinapigwa. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji nilimuuliza diwani ni nani atakayemjazia mtungi mjane asiye na mtoto. Hakujibu. Tutamuuliza tena, akina mama wengi pamoja, na safari hii tutataka bajeti ya halmashauri ionyeshe siku za upasuaji wa kope katika kila kata, pamoja na majiko sanifu yanayotumia kuni chache kwa wasiomudu gesi. Mbunge naye ataulizwa ni lini atasimama bungeni kutaka tangazo lile la 1963 lifutwe.