Jipcho Alichagua Kulipwa, na Hakukosea

Leo naongea na nyinyi wa Roret, Litein, Kapkatet, Bomet na popote pale mnaposomea hii. Hasa wewe mwenye miguu, sauti ama simu ambayo watu wanaipenda ikiwa ya bure. Msimamo wangu ni mmoja: mtu akitumia kipaji chako kujaza uwanja, ana deni lako. Kulidai deni hilo si tamaa.

Najua tayari kuna mtu anasema, "Vijana wa siku hizi ni pesa tu, wazee walikimbia kwa sababu ya bendera." Sawa. Basi tuwaongelee hao wazee, kwa sababu tunapenda kuwataja bila kuuliza maisha yao yalikuwaje.

Wa kwanza ni wetu wa hapa. Wilson Kiprugut arap Chuma, mtu wa Kericho, mwanajeshi. Oktoba 1964, Kenya ikiwa haijafikisha hata mwaka mmoja wa uhuru, alisimama kwenye fainali ya mita 800 kule Tokyo. Peter Snell wa New Zealand alichukua dhahabu, Bill Crothers wa Kanada akachukua fedha, na Kiprugut akafika wa tatu kwa dakika 1 na sekunde 45.9. Hiyo shaba ndiyo medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki kwa Kenya. Zile zote tunazoringa nazo zilikuja nyuma yake. Mwaka wa 1965 akaenda Brazzaville, kwenye Michezo ya Afrika, akashinda mita 400 na mita 800. Mwaka wa 1968 akarudi Olimpiki kule Mexico na kupata fedha kwenye mita 800 ileile, nyuma ya Ralph Doubell wa Australia. Tofauti yao ilikuwa sehemu mbili za kumi za sekunde. Kabla hujamaliza kupepesa macho, imepita.

Sasa uliza swali ambalo hatuulizi: sheria ilimruhusu kulipwa ngapi kwa kukimbia hivyo? Jibu ni sufuri.

Enzi hizo riadha ilikuwa ya ridhaa. Maana yake ni kwamba ukichukua pesa ya kukimbia, unafungiwa, na Olimpiki huioni tena. Ndiyo maana majina makubwa ya wakati ule yalikuwa na sare za kazi nyingine: Kiprugut jeshini, Kipchoge Keino polisi, Ben Jipcho magereza. Mshahara ulikuwa wa hiyo kazi, lakini mbio zenyewe zilikuwa zawadi kwa dunia. Tiketi ziliuzwa, televisheni zilionyesha, viongozi walipiga picha, na mtu aliyetoa jasho akarudi kazini Jumatatu.

Na sheria hiyo haikuwa na huruma. Marekani kulikuwa na Jim Thorpe, aliyeshinda dhahabu mbili kwenye Olimpiki ya Stockholm mwaka wa 1912. Mwaka uliofuata akanyang'anywa zote mbili. Kosa lake? Kabla ya hapo alikuwa amecheza besiboli kwenye timu ndogo za kule North Carolina na kupokea pesa kidogo. Hakudanganya mbio, hakumeza dawa, alilipwa tu kwa kucheza mchezo mwingine kabisa. Ushindi wake haukurudishwa kikamilifu hadi 2022, karibu miaka 70 baada ya kifo chake. Mwenzake mmoja aliyeshindana naye pale Stockholm na kushindwa alikuwa Avery Brundage. Huyo baadaye akawa tajiri wa ujenzi Chicago, kisha rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kuanzia 1952 hadi 1972, na akaitetea sheria ya ridhaa miaka hiyo yote. Angalia vizuri hapo. Anayehubiri kwamba pesa inachafua mchezo ni mtu ambaye pesa tayari anayo.

Hapo ndipo anaingia mzee wa pili, Ben Jipcho wa Mlima Elgon.

Wengi wanamjua kama yule aliyemsaidia Keino. Mexico 1968, fainali ya mita 1500, Jipcho alitoka mbio tangu mwanzo kumchosha Jim Ryun wa Marekani. Keino akashinda, na Jipcho akamaliza nyuma kabisa ya wenye medali. Munich 1972 akapata fedha kwenye mita 3000 kuruka viunzi na maji, na tena aliyekuwa mbele yake ni Keino. Halafu 1973 ikawa ya kwake. Mwezi Juni kule Helsinki alivunja rekodi ya dunia mara mbili, kwanza kwa dakika 8 na sekunde 19.8, kisha dakika 8 na sekunde 14.0. Mwanzoni mwa 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, akashinda viunzi, akashinda mita 5000, na akaongeza shaba ya mita 1500. Mtu mmoja, mashindano yaleyale, medali 3.

Mwaka huo alitimiza miaka 31. Kwa mkimbiaji, hapo unaanza kuhesabu misimu iliyobaki. Na mwaka huohuo akafanya uamuzi ambao wengine waliuona kama usaliti: akaingia riadha ya kulipwa.

Kulikuwa na chama kipya Marekani, International Track Association, kilichoanza kuandaa mbio mwaka wa 1973. Keino mwenyewe alikuwa ameshajiunga, hata yule Ryun pia. Walikuwa wanakimbia kwenye kumbi za ndani, mji mmoja leo, mwingine wiki ijayo, na mshindi analipwa papo hapo. Jipcho hakwenda kutalii. Alikuwa anashiriki mbio zaidi ya moja usiku mmoja, na akawa kati ya waliovuna zaidi kwenye chama hicho. Kila mstari aliovuka sasa ulikuwa na bei, na hiyo bei alikuwa anaijua kabla ya bunduki kulia.

Najua swali lako: si alijinyima dhahabu ya Olimpiki? Ni swali zuri, na nalijibu kwa historia, sio kwa hasira. Olimpiki iliyofuata ilikuwa Montreal 1976. Kenya ilisusia, pamoja na nchi nyingi za Afrika, kupinga timu ya raga ya New Zealand kwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Iliyofuata ilikuwa Moscow 1980. Kenya ikasusia tena. Muulize Mike Boit, aliyepata shaba Munich na akabaki ridhaa akisubiri Montreal. Ama mfikirie Henry Rono, aliyevunja rekodi 4 tofauti za dunia mwaka wa 1978 ndani ya siku 81, na hakuwahi kukimbia Olimpiki hata moja maisha yake yote.

Sisemi kususia kulikuwa kosa. Kupinga ubaguzi kulikuwa na maana kubwa kuliko medali. Ninachosema ni kwamba uamuzi ulifanywa ofisini, na gharama ikalipwa na miguu ya watu ambao walikuwa wamekatazwa hata kujiwekea akiba kutokana na hiyo miguu. Waliobaki waaminifu kwa ridhaa hawakupata medali wala pesa. Jipcho angalau alipata moja.

Lakini siwezi kukuuzia hadithi tamu nusu. Hicho chama cha kulipwa kilikufa mwaka wa 1976. Pesa iliisha, mbio zikaisha, na waliokuwa wameingia hawakuwa na njia rahisi ya kurudi, maana wameshaitwa wa kulipwa. Kwa hivyo Jipcho hakutufundisha tu kudai pesa. Alitufundisha pia kwamba anayekulipa leo anaweza kufunga duka kesho, kwa hivyo chukua chako kikiwa bado kipo na ujue utakanyaga wapi baadaye.

Na dunia ilimfuata. Mwaka wa 1982 shirikisho la riadha duniani lilianza kuruhusu wakimbiaji kupokea pesa kupitia mifuko maalum. Mwaka wa 1997 mashindano ya dunia yakaanza kutoa pesa za ushindi. Halafu Paris 2024, kwa mara ya kwanza, shirikisho hilo likalipa dola 50,000 kwa kila dhahabu ya riadha ya Olimpiki. Beatrice Chebet akashinda mita 5000 na mita 10,000, kwa hivyo hesabu ni dola 100,000. Chebet ni wa wapi? Kericho hii hii. Kutoka shaba ya Kiprugut hadi dhahabu za Chebet ni miaka 60 kamili, kaunti moja. Je, kuna mtu alisema Chebet haipendi bendera kwa sababu alilipwa? Alisherehekea nayo kama waliomtangulia.

Sasa tuje nyumbani. Huku kwetu bado kuna watu wanaishi 1964. Timu ya voliboli inaitwa kucheza kwenye sherehe ya mheshimiwa, inapewa soda na mkate. Msichana anaimba harusini, anaambiwa "Mungu atakubariki." Mimi niliacha chuo na kazi yangu ni hizi video, na kila mwezi kuna mtu ananipigia nimtangazie biashara, nikitaja bei ananiambia nitapata jina. Jina halinunui unga, wasee. Na anayeniambia hivyo, duka lake halina kona ya vitu vya bure.

Cha kushangaza ni kwamba sisi hii somo tunaijua vizuri kuliko mtu yeyote Kenya. Mama akipeleka majani kituoni, karani anatundika mfuko kwenye mizani, anasoma kilo, na mama anaondoka na risiti mkononi. Bonasi ikija ndogo kuliko ya wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa, Roret nzima inawaka. Hakuna mtu amewahi kumwambia mama, "Acha majani hapa, utajulikana." Angemwagiwa hayo majani kichwani. Sasa kwa nini jasho la mtoto wake uwanjani lisipimwe?

Kujitolea ni kuzuri. Cheza bure kwa harambee ya jirani mgonjwa, imba bure kwa matanga, fundisha bure watoto wa shule uliyosoma. Hiyo ni zawadi, na zawadi huchagua mwenyewe. Lakini pale tiketi zinauzwa, ama mtu anatafuta kura, ama kampuni inatafuta wateja, hapo ni kazi. Taja bei kabla ya kuvaa viatu. Andika makubaliano, hata kama ni ujumbe wa simu tu, ili kuwe na kitu cha kurejelea. Omba nusu kabla. Na wewe unayewaalika watu, weka pesa yao kwenye bajeti kabla ya ile ya hema na spika.

Jipcho alifariki Julai 2020, Kiprugut akafuata Novemba 2022. Wote wawili tuliwaita mashujaa siku hiyo, na tukawasifu sana. Ukitaka kuwaheshimu kweli, kuna timu inacheza Jumamosi hii karibu na kwenu. Uliza inalipwa ngapi.