Sahani za Meli na Mali Isiyo na Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa wenye maduka. Leo naielekeza kwa kabati za vyombo zilizomo katika nyumba zetu za pwani ya kusini ya Kenya, na hasa Msambweni. Ndani ya baadhi ya kabati hizo, nyuma ya vikombe vya kila siku, zimo sahani nzito za kauri zilizowahi kuandaliwa mezani katika meli kubwa za abiria zilizokuwa zikitia nanga Kilindini. Sahani hizo sasa zina wanunuzi. Zinaondoka moja moja, kwa bei ya mfuko wa unga, na pamoja nazo inaondoka sehemu ya historia yetu ambayo haijaandikwa popote. Simlaumu anayeuza. Nalalamikia kwamba zinauzwa kabla ya kuandikwa.

Huko Uingereza, Marekani na kwingineko wapo watu wanaokusanya vyombo vya mezani vya meli za kale kama wengine wanavyokusanya stempu. Hutafuta sahani za Cunard, White Star, P&O, Union-Castle na kampuni nyinginezo. Mkusanyaji stadi hatosheki na uzuri wa sahani. Kwanza huigeuza. Chini yake hutafuta muhuri wa kiwanda, pengine cha eneo la Stoke-on-Trent ambalo ni maarufu kwa ufinyanzi. Juu yake hutafuta nembo ya kampuni. Kisha huuliza: ilitumika meli gani, njia gani, daraja gani la abiria, na ilimfikiaje huyu aliye nayo? Sahani mbili zilizotoka tanuri moja huweza kutofautiana sana kwa bei, moja ikiwa na historia inayothibitika na nyingine ikiwa bubu. Basi anayeuza sahani bila kisa chake ameuza nusu ya mali na kuitoa bure nusu ya pili, na pengine hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa na thamani zaidi.

Asije mtu akadhani kwamba kupenda vyombo vya kauri ni desturi tuliyofunzwa na wageni. Waswahili wamekuwa wakivikusanya kwa karne nyingi. Katika magofu ya Gedi, ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, vilipatikana vigae vingi vya kauri ya Uchina. Nguzo ya kaburi la Mambrui ilipambwa kwa mabakuli ya Kichina, na makaburi ya Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, yalitiwa sahani za namna hiyo hiyo. Katika nyumba za mawe za Lamu zilijengwa safu za zidaka ukutani, na humo vikapangwa vyombo vya Uchina na, baadaye, vya Ulaya. Chombo cha kauri kilimtangazia mgeni kwamba mwenye nyumba ana watu ng'ambo ya bahari.

Lugha yenyewe ni shahidi. Neno sinia, tunalolitumia kila penye karamu, asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kitu cha Uchina. Neno kauri limetufikia kutoka Bara Hindi, nalo ni jina la yule simbi mdogo aliyetumiwa kama fedha. Kwa ule mng'aro wake tukaliazima jina hilo kuuita udongo laini wa Uchina. La ajabu ni kwamba Waitalia nao walifanya vivyo hivyo. Neno lao porcellana, ambalo Waingereza na Wafaransa wamelirithi, lilikuwa jina la simbi huyo huyo kabla ya kuwa jina la sahani. Watu wa pande mbili za dunia, pasipo kushauriana, walitazama chombo kimoja wakakiona kinafanana na kiumbe mmoja wa baharini.

Neno meli nalo lina kisa chake. Limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya barua zinazosafirishwa, kwa kuwa stima zilizopewa kandarasi ya kubeba barua ndizo zilizokuja kwa ratiba. Mwaka 1872, miaka 3 baada ya kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez, kampuni ya British India Steam Navigation ya William Mackinnon ilianza safari za kila mwezi za barua kati ya Aden na Unguja. Baadaye zikaja stima za Deutsche Ost-Afrika Linie, kampuni iliyoundwa mwaka 1890, kisha za Union-Castle zilizolizunguka bara zima la Afrika, na za Lloyd Triestino kutoka Italia. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, British India ilileta meli za Kampala (1947) na Karanja (1948) katika njia ya Bombay hadi Durban kupitia Mombasa, kisha Kenya (1951) na Uganda (1952) katika njia ya London. Waliozishuhudia hawakuhitaji kusoma jina ili kuzitambua: British India ilikuwa na dohani nyeusi yenye mistari miwili myeupe, na Union-Castle ilikuwa na ubavu wa zambarau hafifu.

Enzi hiyo ilikwisha upesi. Ndege za jeti ziliwachukua abiria, na kufungwa kwa Suez mwaka 1967 kukazidisha urefu na gharama ya safari za Ulaya. Meli ya Kenya ilivunjwa mwaka 1969 na Kampala mwaka 1971. Uganda iligeuzwa kuwa meli ya kusafirisha wanafunzi, ikatumiwa kama hospitali katika vita vya Falklands mwaka 1982, na mwaka 1986 ikafikia mwisho wake Taiwan. Meli zenyewe zimekuwa vyuma chakavu. Sahani zake zingalipo.

Zilifikaje Msambweni? Jibu la swali hili halimo katika vitabu vya kampuni. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikizuru Msambweni, Gazi, Bodo na Funzi nikikusanya msamiati wa vyombo vya nyumbani, na mara kwa mara nilipouliza jina la sahani nilipewa kisa cha sahani. Wanaume wengi wa Kidigo walivuka kivuko cha Likoni kwenda kufanya kazi ya kutwa bandarini. Hao ndio tuliowaita vibarua, kwa ajili ya kile kijibarua, yaani kijikaratasi, alichopewa mfanyakazi ili kuhesabia siku zake. Wengine walikuwa watumishi katika nyumba za Wazungu ambao, walipofungasha virago karibu na uhuru wa mwaka 1963, waliuza au kugawa vyombo vyao. Sahani nyingine zilikuwa zawadi za mabaharia. Nyingine, tusifichane, zilishuka gatini zikiwa chini ya kanzu.

Bibi mmoja wa Msambweni alinionyesha sahani nyeupe pana, yenye utepe mwembamba ukingoni na nembo ya kampuni iliyoanza kufutika. Marehemu mumewe aliitoa Kilindini. Katika maisha yake yote nyumbani humo haikupata kutiwa wali. Ilikuwa sahani ya kombe: mwalimu wa chuo huandika aya juu yake kwa wino wa zafarani, maandishi yakaoshwa kwa maji ya waridi, na mgonjwa akanywa. Nilipomwuliza kwa nini alichagua ile na kuziacha nyingine, alinijibu, "Mwanangu, hii haishiki rangi. Hizi za dukani hunywa zafarani yote kabla ya mgonjwa."

Bibi huyo alikuwa amegundua kwa matumizi jambo ambalo wafinyanzi walilikusudia. Sahani ya meli ilifanywa nene na kuchomwa sana ili istahimili mawimbi na kuoshwa mara nyingi kwa siku, kwa hiyo haipenyezi maji wala rangi. Lakini tazama, msomaji, ni mbali kiasi gani sahani hiyo ilivyosafiri. Kibarua aliyeteremsha shehena hakukaribishwa kuketi katika ukumbi wa chakula wa meli ile. Sahani ya ukumbi huo ikaishia nyumbani kwake, ikawa chombo cha dua na tiba. Orodha ya mnada itaandika jina la kampuni na kipenyo cha sahani. Habari ya zafarani haitaijua kamwe. Nilipopita mwaka uliofuata, wajukuu walikuwa wamekwisha kuiuza kwa mchuuzi anayezungukia mahoteli ya Diani.

Njia hii tumeipita zamani na mwisho wake tunaujua. Katika makaburi mengi ya kale ya pwani, mahali palipokuwa na sahani za Kichina pamebaki mashimo ya duara katika chokaa. Waliozibandua hawakuandika ni za kaburi gani. Lakini tunao pia mfano mwema. Merikebu ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mwaka 1697 mbele ya Ngome ya Yesu, wakati ngome ilipozingirwa na Waomani. Kati ya miaka ya 1977 na 1980 wataalamu waliichunguza chini ya maji, wakachora na kuorodhesha walichokipata, vikiwemo vyombo vya kauri. Ndiyo maana vyombo hivyo vingali vikifundisha hadi leo.

Sheria yetu inasemaje? Sheria ya mwaka 2006 ya Majumba ya Makumbusho na Urithi wa Taifa inakihesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Huo ndio mwaka Waingereza walipotangaza himaya yao hapa. Milango iliyochongwa kabla ya mwaka 1946 imehifadhiwa kwa kutajwa. Sahani za meli za karne ya 20 haziingii katika fungu lolote kati ya hayo. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inampa waziri mamlaka ya kutangaza kwamba kitu chenye maana ya kihistoria au kitamaduni kihifadhiwe. Mlango umefunguliwa, hakuna aliyebisha hodi.

Najua watakaopinga. Wa kwanza watasema kwamba sahani hizo ni masalia ya ukoloni na kwamba tuziache ziende na wakoloni wao. Nawajibu kwamba historia ya kibarua wa Kilindini haikuwa ya mkoloni. Makuli wa Mombasa waliogoma mwaka 1947 ni sehemu ya safari ya taifa hili, na chombo kilichotoka gatini mikononi mwao kina maana kwetu kuliko kwa mnunuzi wa ng'ambo. Wa pili watasema kwamba mwenye njaa hawezi kuambiwa akae na sahani kabatini. Hoja hii nzito naikubali. Sitaki sheria ya kumzuia mjane kuuza mali yake. Nataka akiuza awe anajua anauza nini, na kisa chake kibaki nyumbani hata sahani ikiondoka.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, Serikali ya Kaunti ya Kwale, ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeikabidhi jukumu la majumba ya makumbusho ya kaunti, ianzishe daftari la vyombo. Haihitaji jengo la fahari. Inahitaji picha ya sahani mbele na nyuma, jina la meli kama linajulikana, na maneno ya mwenyewe kama alivyoyasema, kwa Kidigo, Kichifundi, Kivumba au Kiswahili chochote akijuacho. Mchanga wa titani wa Kwale ulipimwa na kuandikwa kabla ya kupakiwa melini, hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Sioni kwa nini maneno ya wazee wetu yasiandikwe vilevile.

Pili, walimu wa shule za sekondari wawape wanafunzi kazi hiyo wakati wa likizo. Mwanafunzi mmoja, simu moja yenye kamera na babu au bibi mmoja wanatosha. Atapata historia, atapata jiografia, na atapata maneno ambayo kamusi hazijayasajili. Tatu, Majumba ya Makumbusho ya Taifa yachague vyombo vichache vyenye visa vilivyo kamili, yavinunue kwa bei ya haki, na kumwomba waziri avitangaze kuwa vya kuhifadhiwa.

Kwa wakusanyaji wenyewe, wenyeji na wageni, nina ombi moja. Anayeipenda sahani kwa dhati na aulize habari zake kabla ya kutoa pesa, aziandike, na amwachie muuzaji nakala. Atakuwa amejipatia sahani yenye thamani zaidi, na Msambweni itakuwa imebaki na kitu.

Nawe msomaji, ukifika kwa wazee wako wiki hii, fungua kabati. Igeuze sahani ile ya zamani, usome kilichoandikwa chini yake, kisha uulize nani aliileta na ilitumiwa kwa kazi gani. Sahani ikivunjika, vigae hubaki na mchimbaji wa kesho ataviokota. Habari ambayo haikuandikwa haiachi hata kigae.