Ubatizo Mmoja Watosha

Ukipita ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hapa Bujumbura, huenda ukawakuta waumini wakizamishwa majini mmoja baada ya mwingine huku wenzao wakiimba. Sina ugomvi na maji ya ziwa. Ugomvi wangu ni na wale wanaoniambia mimi, niliyebatizwa kwa Wakatoliki nikiwa mtoto mchanga, kwamba bado sijabatizwa. Mwenzangu wa chumbani ananiambia hivyo tangu mwaka wa kwanza.

Hoja yake ya kwanza ni kwamba maji ya kumiminiwa kichwani hayatoshi. Lakini Didake, mojawapo ya maandishi ya kale kabisa ya Wakristo, inaruhusu maji yamiminwe kichwani mara tatu pasipo na maji ya kutosha. Kama wokovu ungekuwa wingi wa maji, ndagala na mukeke wangetutangulia mbinguni.

Hoja ya pili ina uzito: mtoto mchanga hakuulizwa. Ni kweli, sikuulizwa. Lakini pia sikuulizwa kama nataka kuwa Mhutu au Mtutsi. Kabila nilipewa na baba, na kwa sababu ya kabila watu waliuawa hapa nchini mwaka 1972 na mwaka 1993, wakiwemo watoto. Ikiwa chuki haikungoja mtoto akue, kwa nini neema imngoje?

Hata hivyo, sisi Wakatoliki tusijisifu. Wengi wa waliouawa walikuwa wamebatizwa, na wengi wa waliowaua pia. Kwetu ubatizo mara nyingi umebaki jina kwenye kadi na sherehe ya siku moja. Paulo aliwafundisha Wagalatia kwamba waliobatizwa wamekuwa kitu kimoja, Myahudi na Myunani. Nani kati yetu ameliamini hilo?

Wapo walioliamini. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ya Buta, huko Bururi, washambuliaji waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Walikataa. Waliuawa 40, vijana kama sisi.

Ndugu yangu, siku ile hawakuhitaji ubatizo wa pili, walihitaji kuuishi ule wa kwanza. Basi usinialike tena ziwani. Niulize kama mimi ningekataa kujitenga. Swali hilo, nakiri, linaniogopesha kuliko maji yote ya Tanganyika.